Gari la Kikundi Linakula Mafuta: Tutafute Yanakokwenda

Somo hili ni kwa vikundi vyenye gari, na kwa vile vinavyoweka akiba ili siku moja vinunue. Liwe ni Probox ya kupeleka abiria kati ya Ukunda na Likoni, liwe ni pikapu ya kubeba samaki kutoka Gazi, au nissan ya kwenda Msambweni na Lunga Lunga, shida ni moja.

Mkutano ukifika kwenye mapato ya gari, mambo hubadilika. Mweka hazina anasoma: mwezi huu mafuta yamekula elfu kumi zaidi ya mwezi uliopita, na safari ni zile zile. Wajumbe wananyamaza. Halafu mmoja anasema lile neno: "Dereva anauza mafuta." Dereva anaapa kwamba hajauza hata tone. Mwingine anasema ni AC, madirisha yamefungwa kutwa kama gari la mkubwa. Fundi naye akiulizwa anasema ni plagi. Kila mtu ana jibu, na hakuna mwenye hesabu. Kikundi huweza kuvunjika hapo, au kijana wa watu akafukuzwa kazi kwa kosa la breki iliyoshika.

Basi tujifunze mafuta huenda wapi, na namna ya kuyafuata mpaka tujue.

KWANZA TUPIME

Huwezi kusema gari limeanza kula mafuta mengi kama hujui zamani lilikuwa likila kiasi gani. Wengi wetu hupima kwa pesa: "Naweka elfu moja, linanifikisha Likoni na kurudi." Kipimo hiki si kizuri kwa sababu bei haikai mahali pamoja. Hapa Kenya EPRA hutangaza bei za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi. Mnakumbuka Septemba 2023, petroli ilipita shilingi 200 kwa lita. Elfu moja ya mwezi ule haikuwa lita sawa na elfu moja ya miezi mingine. Kwa hiyo tuhesabu lita na kilomita kwanza, shilingi zije baadaye.

Njia yenyewe ni rahisi wala haihitaji fundi. Jaza tangi mpaka bomba la pampu lijifunge lenyewe, usiendelee kubonyeza. Andika kilomita zinazosomeka kwenye dashi. Fanya kazi zako mpaka tangi lifike nusu au chini yake. Rudi kwenye kituo kile kile, pampu ile ile ikiwezekana, ujaze tena mpaka lijifunge. Lita zilizoingia mara hii ya pili ndizo zilizotumika. Gawanya kilomita kwa lita.

Hebu tufanye mfano. Mara ya kwanza dashi ilisoma 84,210. Mara ya pili ikasoma 84,606. Gari limekwenda kilomita 396. Pampu imeonyesha lita 36. Ukigawanya 396 kwa 36 unapata 11. Gari hili linakwenda kilomita 11 kwa lita moja.

Usiamini hesabu ya mara moja. Pengine siku ile gari liliegeshwa pampuni likiwa limeinama, au bomba lilijifunga mapema. Fanya mara tatu au nne ndipo useme, "Gari letu ni la 11."

Sasa tuseme baada ya miezi miwili hesabu inaonyesha 9. Watu watasema, "Ah, mbili tu!" Tuingize shilingi. Kwa urahisi wa hesabu tuchukue lita moja ni shilingi 180. Nyinyi wekeni bei ya siku yenu. Gari linalokwenda kilomita 3,000 kwa mwezi, likiwa la 11, litakula karibu lita 273. Likiwa la 9 litakula lita 333. Tofauti ni lita 60 na kitu, karibu shilingi 10,900 kwa mwezi. Hiyo ndiyo ile elfu kumi mweka hazina aliyosoma mkutanoni.

Daftari la shule linatosha. Andikeni tarehe, kilomita za dashi, lita, bei, njia iliyopitwa zaidi, na kama AC iliwashwa au haikuwashwa. Risiti ibanwe hapo hapo. Kama kilomita za dashi hazisomi, tengenezeni hiyo kabla ya kitu kingine chochote, maana bila hiyo mnakisia tu.

AC INAKULAJE MAFUTA?

AC haina bomba lake la petroli. Inachota nguvu za injini. Mbele ya injini kuna mkanda unaozungusha kompresa. Ukibonyeza kitufe cha AC utasikia "tak", na injini inashuka kidogo kama mtu aliyetwikwa ndoo kichwani. Ile "tak" ni klachi ya kompresa imeshika. Tangu hapo injini ina kazi mbili, kusukuma gari na kusukuma gesi ya AC.

Kompresa huibana gesi mpaka ikawa ya moto. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa, ile rejeta nyembamba iliyo mbele ya rejeta ya maji, ipozwe na upepo na feni. Kisha hupitishwa kwenye tundu dogo, ikapanuka ghafla na kuwa baridi sana ndani ya mabomba yaliyo nyuma ya dashibodi. Feni ikipuliza hewa juu ya mabomba hayo, ndiyo ile baridi inayotupiga usoni.

Hapa Pwani kuna jambo ambalo watu wa sehemu kavu hawalioni sana. Hewa yetu ina unyevu mwingi. AC haipoozi hewa tu, inaikamua maji pia, na huko kukamua kunataka nguvu. Ndiyo maana gari likiegeshwa nje ya hoteli Diani utaona kidimbwi chini yake. Wengine hushtuka wakidhani rejeta inavuja. Yale ni maji tu, hayana rangi wala utelezi. Yakiwa na rangi ya kijani au nyekundu na yanateleza, hapo ndipo uite fundi.

Kiasi gani cha mafuta kinakwenda? Wizara ya Nishati ya Marekani imeeleza kwamba katika joto kali sana AC inaweza kupunguza mwendo wa gari kwa kila lita kwa zaidi ya robo, hasa kwenye safari fupi. Hiyo robo ni hali mbaya kabisa, msiitumie kumhukumu dereva kila siku. Lakini angalieni hayo maneno "safari fupi". Gari lililokaa juani kutwa, ndani kama tanuri, AC hufanya kazi kwa nguvu zake zote dakika za mwanzo. Ukienda Msambweni, dakika hizo ni sehemu ndogo ya safari. Ukimtoa mgeni hotelini mpaka Ukunda mjini, safari inaisha kabla kompresa haijapumzika hata kidogo.

Injini ndogo huumia zaidi. Mzigo wa kompresa haupishani sana baina ya gari na gari, lakini mzigo ambao injini ya 3000 inaubeba bila kuusikia, injini ya 1300 inaulalamikia. Dereva wa gari dogo anajua: akiwa na abiria wanne na mizigo, akipanda kutoka Kombani kwenda Kwale mjini huku AC inanguruma, gari linakuwa zito mno. Kwenye mlima kama ule, ukiona mshale wa joto la injini unapanda, zima AC kabisa. Mgeni akiuliza, mweleze. Ni afadhali ajifute jasho dakika kumi kuliko kusimama njiani na boneti wazi.

DIRISHA AU AC?

Swali hili huzua ubishi kwenye kila stendi. Wote wana haki kidogo.

Gari likienda polepole, dirisha wazi halina gharama. Kwenye barabara ya hoteli pale Diani yenye matuta, au ndani ya Ukunda, au kwenye njia za mchanga kuelekea Kinondo, fungua dirisha. Lakini gari likikimbia, upepo unaoingia dirishani unalivuta nyuma kama tanga lililokamata upepo wa mbele, na injini inabidi ishindane nao. Kadiri mwendo unavyozidi ndivyo kuvutwa kunavyozidi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa na zaidi, faida ya kuzima AC na kufungua madirisha yote huanza kupungua.

Magari ya abiria, tangu zile sheria za mwaka 2004 tulizoziita sheria za Michuki, yanatakiwa yasipite kilomita 80 kwa saa. Kwa hiyo nissan ya abiria inayosimama kila kituo kuanzia Ng'ombeni, Waa, Tiwi mpaka Ukunda haina sababu kubwa ya AC. Teksi ya kumpeleka mgeni moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Moi mpaka Diani ni hesabu nyingine. Mgeni amelipia starehe, na gharama ya AC iwe ndani ya bei aliyoambiwa tangu mwanzo.

Tena mwendo wenyewe hula mafuta kuliko hiyo AC mnayobishania. Ukipita kilomita 80 kwa saa magari mengi huanza kula zaidi kwa kila kilomita. Dereva anayezima AC ili aokoe mafuta halafu akakimbia 110 kuwahi abiria wa Msambweni hajaokoa kitu.

Yapo mambo madogo ya kumsaidia dereva. Gari lililochomwa na jua, fungua milango yote dakika moja kabla ya kuingia, kisha nenda mita mia kadhaa madirisha yakiwa wazi ili hewa ya moto itoke, ndipo uwashe AC. Ndani pakishapoa, bonyeza kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, ili kompresa isiwe inapooza hewa mpya ya nje kila mara. Egesha kwenye kivuli cha mwembe au mwarobaini. Chini ya mnazi, hapana! Kioo cha mbele ni ghali kuliko lita chache za petroli.

Na feni peke yake, bila kitufe cha AC, hutumia umeme kidogo tu. Wakati wa kusi hewa ya nje ikiwa nzuri, feni inatosha. Joto la kaskazini, Januari mpaka Machi, ni habari nyingine. Wakati wa masika vioo vikiziba kwa mvuke, washa AC bila kujihurumia, maana hiyo inakausha kioo upesi na dereva anaona njia. Hapo si mahali pa kubana matumizi.

FOLENI YA FERI

Gari lililosimama injini ikiwaka linakwenda kilomita sifuri kwa lita. Kwa kawaida gari dogo hutumia lita moja kwa saa likiwa limesimama, na lenye injini kubwa huku AC ikiwa imewashwa huweza kufika lita mbili. Tuseme dereva wetu anakaa Likoni nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, injini inaunguruma. Hiyo ni saa moja kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni lita 26, yaani shilingi 4,680 kwa ile bei yetu ya mfano. Pesa hiyo imeishia pale pale kwenye foleni.

Wengine husema kuwasha gari upya kunakula mafuta mengi kuliko kuliacha likiwaka. Huenda maneno haya yalitoka kwa magari ya zamani. Kuwasha upya hutumia mafuta ya sekunde chache tu. Kama unajua hutasogea kwa dakika kadhaa, zima. Dereva anayeogopa kuzima kwa sababu betri ni mbovu, basi shida ni betri, na kikundi kinunue betri.

Siku hizi iko pia barabara ya Dongo Kundu, inayotokea Kibundani. Kwa anayekwenda Miritini, uwanja wa ndege au njia ya Nairobi, inamwokoa na foleni. Kwa anayekwenda kisiwani Mombasa inaongeza kilomita nyingi. Msibishane, pimeni: tangi moja kwa feri, tangi jingine kwa Dongo Kundu, daftari litasema.

Na kaka zetu madereva wanaosubiri wageni nje ya hoteli: kulala ndani ya gari madirisha yamefungwa, injini na AC zikiwaka, si kula mafuta tu. Silensa ikiwa imetoboka, moshi huingia ndani, na gesi yake haina harufu ya kukuamsha. Imeua watu. Lala chini ya mti. Wala mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa juani hata kwa dakika chache.

AC YENYEWE IKITUNZWA

AC iliyotunzwa hupooza upesi na kompresa hupumzika. AC iliyochoka huzunguka kutwa na bado mgeni anatoa jasho, kwa hiyo mnalipa mafuta bila kupata baridi.

Kosa kubwa liko kwenye gesi. Watu husema, "AC haipoozi, ongeza gesi." Gesi ya AC haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua upesi maana yake kuna mahali inavuja. Kikundi kinachoongeza gesi kila baada ya miezi mitatu kinalipia tundu lile lile mara nne kwa mwaka. Mwambieni fundi atafute kwanza panapovuja. Hapa kwetu chumvi ya bahari hula kondensa na viungo vya mabomba, waanzie huko.

Ulizeni pia anatia gesi gani. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu katikati ya miaka ya 1990 hutumia R-134a. Ile ya zamani, R-12, iliachwa kwa sababu ilikuwa ikiharibu tabaka la ozoni, kufuatana na mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Hata R-134a, kilo moja ikiachwa iende hewani hutia joto duniani kwa zaidi ya mara elfu moja ya kilo moja ya hewa ya kaboni, kwa hivyo fundi anayeifungulia tu ipuruke anatudhuru sote. Gesi mbili zisichanganywe. Na mtu yeyote akitaka kutia gesi ya jikoni kwa sababu ni rahisi, mkatazeni. Ikivuja ndani ya gari, cheche moja inatosha.

Yaliyobaki dereva anayaweza mwenyewe. Kondensa ikijaa vumbi na wadudu, aioshe kwa maji ya taratibu, si mashine yenye nguvu inayokunja zile pezi zake. Aangalie feni ya mbele inazunguka AC ikiwashwa. Chujio la hewa ya ndani, ambalo kwenye magari mengi limekaa nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, lisafishwe au libadilishwe. Na hata kama gari halitumii AC, iwashwe dakika chache kila wiki ili oili izunguke na mipira isikauke.

VITU VINAVYOKULA MAFUTA KIMYA KIMYA

Nimeanza na AC kwa sababu ndiyo inayogombaniwa. Lakini mara nyingi mwizi yuko kwingine.

Wa kwanza ni tamostati. Hiki ni kijifuniko kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto wake. Gari likipata joto kupita kiasi, mafundi wengi huling'oa na kusema, "Sisi ni nchi ya joto, haina kazi." Kweli joto linashuka. Lakini injini sasa inakwenda ikiwa baridi muda mwingi, na kompyuta ya gari, ikidhani ndiyo kwanza imeamka, inaendelea kumimina petroli ya kuamshia. Mkinunua gari la mkono wa pili, ulizeni kama tamostati ipo. Kama haipo, rudisheni, na mtafute sababu hasa ya lile joto: rejeta iliyoziba, feni, au kifuniko cha rejeta kisichobana.

Wa pili ni ile taa ya injini kwenye dashi. Dereva huizoea, mwingine hubandika kipande cha tepu juu yake. Taa ile huenda inasema sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi imekufa. Hiyo Wizara ya Marekani niliyoitaja inasema kutengeneza hitilafu kubwa kama hiyo kunaweza kuongeza mwendo wa kila lita kwa hadi asilimia 40. Siku hizi mafundi wengi mjini wana kifaa cha kusoma taa hiyo. Lipeni isomwe kabla ya kununua vipuri kwa kubahatisha.

Breki zinazoshika ni ugonjwa wa huku kwetu hasa, kwa ajili ya chumvi na mchanga. Baada ya safari, kaa karibu na kila gurudumu ukaribishe mkono bila kugusa chuma. Moja likiwa la moto kuliko wenzake, breki haiachii. Au piga jeki ulizungushe kwa mkono, linatakiwa lizunguke bure. Gari lenye breki iliyoshika ni kama ng'ombe anayevuta jembe huku kafungwa mguu.

Matairi tunayazungumza sana kuliko kuyapima. Kila alama moja ya presha ikipungua kwenye matairi yote hupoteza mafuta kwa karibu asilimia 0.2 tu. Yakipungua alama kumi ni asilimia mbili. Si nyingi, nakubali. Lakini kujaza upepo ni pesa kidogo sana, na tairi laini huchakaa pembeni na kupasuka likiwa na mzigo, hapo mnapoteza zaidi ya mafuta. Presha ipimwe asubuhi tairi ikiwa baridi, na namba sahihi imeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Usifuate namba ya juu kabisa iliyoandikwa kwenye tairi yenyewe.

Chujio la hewa ya injini lina habari mbili. Gari la zamani lenye kabureta, chujio likiziba kwa vumbi la Kinango au Ndavaya, mafuta yanazidi hewa na unayapoteza kweli. Gari la injeksheni, kompyuta hupunguza mafuta ikiona hewa ni haba, kwa hivyo ulaji haubadiliki sana ila gari linakosa nguvu. Tena msilioshe chujio la karatasi kwa petroli.

Mzigo nao upo. Kila kilo 45 za ziada hula kama asilimia moja, na gari dogo huusikia mzigo zaidi. Mzigo wa juu ya keria ni mbaya zaidi kwa sababu ya upepo. Keria isiyo na kazi wiki nzima iteremshwe. Mafuta ya chupa za barabarani nayo muyaogope. Serikali iliongeza ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyo hiyo, watu walikuwa wakiyachanganya na mafuta ya magari.

NANI ANALIPA NINI?

Hapa pana jambo la kikundi, si la fundi. Magari mengi ya abiria huendeshwa kwa mapatano: dereva analeta hesabu ya siku, mafuta anatia mwenyewe, na vipuri ni juu ya kikundi. Tazameni linalotokea. Breki ikishika, anayeumia ni dereva, kwa sababu mafuta ni yake. Akiomba pesa za kutengeneza, kamati inasema ngoja mwezi ujao, kwa sababu kikundi hakisikii maumivu. Mwishoni dereva anafidia kwa kukimbia, kwa kujaza abiria kupita kiasi, au kwa kupunguza hesabu. Kisha tunamwita mwizi.

Mapatano mengine ni kinyume chake: kikundi kinalipa mafuta, dereva ana mshahara. Hapo yeye hana haraka ya kuzima injini Likoni, maana lita ile haitoki mfukoni mwake.

Maoni yangu ni kwamba kikundi kijaribu njia ya katikati. Kwa miezi miwili pimeni mpate namba yenu, tuseme 11. Kubalianeni kwamba mwezi gari likifika 11 au zaidi, mafuta yaliyookolewa yanagawanywa na dereva. Na mwezi likishuka chini ya 10, gari linapelekwa kwa fundi wiki hiyo hiyo, bila kungoja mkutano. Dereva atakuwa wa kwanza kuwaambia tairi limepungua.

Je, wizi wa mafuta haupo? Upo. Ila daftari huonyesha tofauti. Uchakavu hushusha namba pole pole: 11, 10 na nusu, 10, 9 na nusu. Namba ikianguka ghafla kutoka 11 mpaka 8, ama kuna kitu kimeharibika siku ile, ama mafuta yametoka. Kagueni gari kwanza, breki, taa ya injini, harufu ya petroli chini ya tangi. Jazeni mara mbili mjumbe wa kamati akiwepo pampuni. Kama gari ni zima na namba inapanda tu siku ambazo mjumbe yupo, hapo mnalo la kumuuliza dereva, mkiwa na daftari mkononi naye akiliona.

MASWALI YA KUJADILIANA

Gari letu linakwenda kilomita ngapi kwa lita? Kama hakuna ajuaye, nani atashika daftari, na tutajaza tangi lini?

Dereva wetu anasubiri wapi kwa muda mrefu zaidi, na injini huwa inawaka au imezimwa? Aulizwe mwenyewe, mbele ya wote, bila kumtisha.

Bei tunayowatoza wageni wa Diani, imehesabu AC?

Mara ya mwisho dereva alipoomba pesa za matengenezo, alijibiwaje, na ilichukua siku ngapi?